Mashine ya Ikuvi na Mtu Wake

Melkizedeki Mbwambo hakuwa mtu wa kulalamika, na hilo ndilo lililomponza. Mlalamishi huonewa huruma, hupunguziwa mzigo, pengine huletewa na maziwa. Mnyamavu huongezewa. Pale Ikuvi, kijiji kilichojibanza juu kwenye milima ya Upare, mwendo wa siku nzima ukipanda kwa miguu kutoka Same, watu walimwongezea Melkizedeki mwaka hata mwaka, kwa adabu zote, mpaka mabega yakamshuka, na bado wakasifu kwamba mzee huyu ana nguvu za ajabu. Nguvu zenyewe zilikuwa zimekwisha zamani.

Kazi yake ilikuwa mashine ya kusaga. Haikuwa ya mafuta. Ilizungushwa na maji. Kabla ya vita vya Hitler, nyumba kadhaa za Ikuvi zilichoka kuona wanawake wakivunjika viuno kwenye mawe ya kusagia ya nyumbani, zikaunganisha nguvu, zikapata mawe mawili makubwa ya mlowezi mmoja aliyekuwa anafunga shamba lake upande wa Lembeni. Mawe yalikuja kwa treni mpaka Same. Kutoka Same yalipandishwa kwa msaragambo: pembe ililia alfajiri, kila nyumba ikatoa watu wake, wakayaviringisha na kuyavuta kwa kamba mlima mzima, mara wakiimba, mara wakitukanana. Gurudumu la mbao walilichonga wenyewe. Maji yalitoka kwenye ndiva, lile bwawa la udongo walilolichimba wazee wa zamani ili lijae usiku na kufunguliwa mchana kumwagilia mashamba. Mfereji mmoja wa ndiva uligeuzwa upite kwenye gurudumu kabla ya kuendelea kwenye migomba na mahindi ya watu wa chini.

Mashine ikawa mali ya wote. Aliyesaga aliacha kibaba cha unga, na unga ule uliteremshwa Same kuuzwa kwa wafanyakazi wa reli na wenye maduka. Ikawa biashara, tena biashara nzuri. Watu walikuja kusaga hata kutoka njia ya Bombo, wamelala safarini.

Sasa lipo kosa walilolifanya, na mimi nasema ni Wapare peke yao wangeweza kulifanya, tena kwa nia njema kabisa. Ndiva ina mlinzi wake. Yeye ndiye anayeziba na kuzibua, na mtu mwingine akigusa kizibo cha ndiva, hata kama mahindi yake yanakauka machoni pake, amevunja mwiko, atatoa mbuzi na wazee watamla. Desturi hiyo imewaepusha watu na magomvi kwa vizazi, nani ataidharau? Basi mashine ilipokamilika, wazee wakauliza: na hii nayo mlinzi wake nani? Wakamtazama Melkizedeki, kwa kuwa alikuwa mtulivu, alipata kufanya kazi na maseremala wa misheni, na nyumba yake ilikuwa jirani. Wakampa mlango wa maji, wakampa mawe, wakampa ufunguo wa kibanda. Mtu mwingine asiguse. Atakayegusa, mbuzi.

Kizibo cha ndiva unakizibua asubuhi, unakwenda zako shambani. Mashine haiko hivyo. Mashine inataka maji yakizidi yapunguzwe, yakipungua yaongezwe. Mawe yakikaribiana mno, unga unaungua na kunuka. Yakiachana mno, unatoka chenga tupu. Kila baada ya muda jiwe la juu linatakiwa kuinuliwa, likalazwa chali, mistari yake ikachongwa upya kwa tindo. Yote hayo yakawa ya mtu mmoja, na siku hiyo alipokabidhiwa ufunguo alipigiwa vigelegele. Walimvisha heshima, na heshima ile ikamfunga miguu.

Hakupata tena kukaa msibani mpaka mwisho. Siku binti yake Hedwiga alipofunga ndoa, baba wa bibi harusi aliitwa kutoka karamuni akiwa na nyama mkononi, kwa sababu mwanamke fulani wa kutoka mbali alikuwa amefika na mahindi yake na hakuna wa kumfungulia maji. Alikwenda. Aliporudi watu walikuwa wanafunga mikeka. Mkewe Ernesta alimpakulia ubwabwa uliobaki, akakaa mbali naye. Jumapili mashine ililala kwa ajili ya ibada, lakini Melkizedeki alitoka kanisani akapitia kuitazama, maana alisema, nisipoitazama leo, kesho itaniamkia na jambo.

"Baba Hedwiga," Ernesta alimwambia mara moja, "hivi siku ukifa, hawa watu watakula nini?"

"Watakula."

"Basi mbona hawawezi kula ukiwa hai?"

Alikuwa amelala hapo hapo alipokaa, na sahani mapajani.

Ukitaka kujua uchovu wa Melkizedeki ulikuwa wa namna gani, usifikiri ni ule wa mkulima anayerudi na jembe. Huo unaoga, unakula, unalala, unaisha. Wake ulikuwa wa mtu ambaye hata akilala kichwa kinaendelea kufanya kazi. Alikuwa na hamu moja tu duniani, nayo ni kuiweka mashine chini bila kuiua. Angeweza kuiacha, naam, lakini aliamini kwamba akiiacha itasimama, na ikisimama wanawake watarudi kwenye mawe yale ya kuvunja viuno, na Ernesta atakuwa mmoja wao. Kwa hiyo aliendelea.

Wengine nao walikuwa na vipande vyao. Simeoni Mshana, mtu wa makamo mwenye maneno mengi, alifagia mfereji. Zipora, mjane mwenye uso mkavu na mkono wa haki, aliangalia wanawake wanaoanika na kupepeta mahindi kabla ya kusagwa. Wachukuzi walikuwa na njia yao ya Same. Kila mmoja alishika kipande chake na wala hakuuliza cha mwenzake, na unga ukitoka mbaya ndipo uwasikie. Wachukuzi walisema umesagwa vibaya. Melkizedeki alisema mahindi yaliletwa mabichi. Zipora akasema yangekaukaje wakati mashine inasimama ovyo na watu wanaharakisha kuwahi zamu? Simeoni akaapa kwamba mfereji wake ni safi kuliko meza ya mchungaji. Wote walikuwa wakisema kweli, na unga ulikuwa mbaya vile vile. Kisha wazee wakakaa, wakamtafuta mkosaji, wakampata, kwa sababu anayetafutwa kwa bidii haachi kupatikana, na mbuzi akachinjwa.

Masika ya mwaka mmoja gurudumu lilivunjika. Mbao zake tatu zilikatika, mhimili ukapasuka, na mashine ikanyamaza wiki nyingi. Baadaye ikajulikana kwamba Simeoni aliuona ubao mmoja umelegea siku kadhaa nyuma, alipokuwa akifagia majani. Aliuona, akanyamaza.

Wazee walikutana nyumbani kwa Mzee Elirehema, mwenyekiti wao, mtu mzito wa mwili na wa kauli. Simeoni alisimama katikati, mdomo wake ule wa maneno mengi umekauka.

"Uliona?" Mzee Elirehema akamuuliza.

"Niliona, baba."

"Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

Simeoni akatazama miguu yake. "Ningesema nimeuona, mngeniuliza nilifuata nini kwenye gurudumu, wakati mimi ni mtu wa mfereji. Ningetoa mbuzi. Nikaona afadhali nisiwe nimeuona."

Wazee wakaguna kwa hasira. Melkizedeki, aliyekuwa amekaa nyuma ameegemea nguzo, macho yamefumbwa nusu, ndiye aliyesema. Watu walidhani amelala.

"Mzee wangu Elirehema, niwie radhi. Mbuzi tumekula wengi kwa ajili ya mashine hii. Tumekula wa Zipora, tumekula wa wachukuzi, hata wangu tumekula. Gurudumu linavunjika vile vile."

"Unasema tusimtoze?"

"Nasema huyu angetuambia, tungepiga msumari mmoja. Hakutuambia kwa sababu anatuogopa. Sasa mkimtoza, safari ijayo atatuogopa zaidi. Mimi nitaamka siku nyingine nikute nyumba nzima imekwenda na maji, na kila mtu aliiona ikienda."

Yalikuwa maneno mazuri, na mngetegemea wazee wayashike. Hawakuyashika. Mbuzi wa Simeoni alichinjwa jioni ile ile, na Melkizedeki alipelekewa kipande cha nyama kwa heshima yake, naye kwa uchovu akakila. Ndivyo watu tulivyo. Lakini neno likishasemwa haliokotwi, na Zipora aliyekuwa amekaa mlangoni na wanawake wenzake alilisikia.

Kilichowalazimisha kubadilika hakikuwa hekima, kilikuwa kodi. Serikali ya Waingereza ilileta kodi iliyopimwa kwa mali ya mtu, ile iliyoitwa mbiru, na milima mizima ikakataa. Watu wakaanza kuteremka Same kwa maelfu, kukaa karibu na boma mpaka wasikilizwe. Mzee Elirehema akapitisha neno: kila nyumba itoe mwanamume wake. Hakuna wa kusamehewa, maana akisamehewa mmoja, wengine watasema na sisi je.

Melkizedeki hakuwa na mtoto wa kiume mtu mzima wa kumtoa badala yake. Akienda, mashine inakufa. Asipoenda, atakuwa mtu pekee wa Ikuvi aliyekaa nyumbani wakati wenzake wanalala kwenye vumbi, na jina lake litatajwa kwa ubaya mpaka kwa wajukuu. Tena, hao watakaokaa Same watakula nini? Unga. Unga wa wapi? Alikaa kwenye kizingiti cha kibanda jioni nzima akizungusha ufunguo kidoleni, na kwa mara ya kwanza akaichukia mashine waziwazi.

Zipora akamkuta pale.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Zipora."

"Ulichokisema siku ile kwa mzee, ulimaanisha au ulikuwa usingizini?"

Akacheka kidogo, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu. "Nilimaanisha."

"Basi nipe huo ufunguo."

"Nikikupa wewe, utakuwa mimi. Baada ya miaka michache utakuwa umekaa hapa hapa, umechakaa hivi hivi." Akaifikiria kauli yake mwenyewe, kana kwamba imesemwa na mtu mwingine. "Haufai kuwa wa mtu mmoja, huu."

Jambo lililofuata halikuwa jipya, na ndiyo sababu liliwezekana. Melkizedeki alikwenda kwa Mzee Elirehema akamwambia: mashine tuliipa desturi ya ndiva, tukakosea. Tungeipa desturi ya msaragambo. Kwenye msaragambo hakuna mwenye kazi, kazi ni ya pembe. Ikilia, kila nyumba inatoka, na kila mtu anajua kuchimba, kubeba na kuziba. Mzee Elirehema alikuna kidevu muda mrefu. Angekataa, nina hakika angekataa, kama asingekuwa na njaa ya Same mbele yake.

"Na faini?" akauliza.

"Atakayesema ameharibu, asitozwe kitu. Hata akiwa ameharibu kwa uzembe. Aseme tu mapema."

"Watu wataharibu ovyo."

"Wanaharibu sasa, mzee wangu, na wanaficha."

Basi wakagawana, lakini si vipande. Melkizedeki alikataa katakata mtu apewe mfereji peke yake au mawe peke yake. Nyumba nne nne zilishika zamu ya siku, wanawake kwa wanaume wachache waliobaki wakingoja zamu yao ya kuteremka, na zamu iliyoanza ilianzia juu kabisa, kwenye ndiva. Wakayafuata maji. Wakateremka na mfereji wakiondoa majani, wakafika kwenye gurudumu wakakagua kila ubao, wakaingia ndani wakasikiliza mawe, wakatia mkono kwenye mahindi kuona kama yamekauka, wakamaliza kwenye gunia linaloondoka kwenda Same. Jioni walikutana na zamu ya kesho pale penye mlango wa maji, na kabla ya kukabidhi ufunguo walitakiwa kutaja kilicholegea. Siku za mwanzo walisema hakuna. Melkizedeki akawauliza kwa upole, hakuna kabisa? Wakasema hakuna kabisa. Akawaonyesha kwa kidole kamba ya mlango iliyobaki nyuzi mbili. Wakaangalia chini wakimngojea awatajie mbuzi. Hakutaja. Akasema, "Tusuke nyingine," akakaa chini akaanza kusuka, na wao wakakaa.

Simeoni ndiye aliyevunja ukimya, baada ya siku kama hizo kupita. Alikuwa anangoja kuitwa na kundi la pili la kuteremka Same, kwa hiyo alikuwa bado kwenye zamu. Alisema mbele ya watu wote kwamba asubuhi ile aliacha maji yakazidi, mawe yakapata moto, na unga wa mama fulani umeungua. Watu wakageuka kumtazama. Yule mama akasema, "Kumbe ndiyo maana ulinuka." Zipora akamjazia mwingine kutoka kwenye fungu la wote, na mambo yakaishia pale. Usiku ule wengi walirudi nyumbani wakizungumza kwa sauti, wepesi, wakichekana.

Melkizedeki aliwafundisha kuinua jiwe na kuchonga mistari. Kazi ngumu zaidi haikuwa kufundisha, ilikuwa kukaa. Aliona mtu anashika tindo vibaya na mkono wake ukaruka wenyewe. Akaukamata kwa mkono wa pili. Aliona unga unatoka chenga na akajua kabari ipi ya kugonga. Akauma meno akawaacha waitafute. Walichelewa, walikosea, waliharibu mahindi ya watu. Alitoka nje akakaa kwenye jani la mgomba akajisemea kwamba amefanya upumbavu mkubwa. Kisha akafunga blanketi lake na kuteremka Same.

Kule Same palikuwa na joto, vumbi na kungoja. Mtu wa milimani haliwezi lile joto la bonde, linamkalia kifuani. Walilala chini ya miti ya miiba, wakapika makande kwenye masufuria ya kuazimana, wakaimba nyimbo za kanisani na nyingine zisizo za kanisani. Wakubwa wa boma waliwataka warudi makwao, nao walijibu kwamba wakisikilizwa watarudi. Siku zikafanana.

Wanawake ndio waliowalisha. Waliteremka na unga vichwani, makundi kwa makundi, wakapumzika usiku mmoja, wakapanda. Mzigo wa Ikuvi ulipofika, Melkizedeki alikuwa wa kwanza kuufungua. Alichota unga kidogo akausugua kati ya kidole na kidole, akaunusa, akauonja kwa ncha ya ulimi. Mzigo wa kwanza ulikuwa mzuri. Akasema moyoni, bado mawe yana makali niliyowaachia. Mzigo wa pili nao mzuri. Wa tatu ulikuwa chenga tupu, na ninyi mngemwona! Alisimama akaanza kufunga blanketi, uso umemchangamka, akiwaambia wenzake kwamba alijua tu, alijua, sasa inabidi apande haraka kabla mambo hayajaharibika zaidi. Wenzake wakamzuia angoje walau jua lipungue. Kabla jua halijapungua, likaja kundi jingine la wanawake na unga laini kuliko ule aliozoea kuusaga yeye. Walieleza kwamba walipoona chenga waliyafuata maji mpaka juu, wakakuta ukingo wa mfereji umebomoka na nusu ya maji inakwenda porini, kwa hiyo gurudumu lilikuwa linazunguka kivivu. Wakaita msaragambo, wakaziba. Walisimulia huku wakivua viatu vya ngozi na kujikanda miguu, kama jambo dogo la nyumbani.

Melkizedeki akalifungua blanketi lake, akalitandika tena.

Furaha ilikuwepo, nisimsingizie. Alijua kwamba hakuna mwanamke wa Ikuvi atakayerudi kwenye jiwe la nyumbani, awepo yeye au asiwepo. Hamu yake ya miaka yote ilikuwa imetimia. Ila hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ikitimia itauma. Alilala mchana kutwa sasa, hakuna wa kumwamsha, na kila alipoamka alikuwa amechoka kuliko alivyolala. Hata mazungumzo ya wenzake yalimshinda, maana kwa miaka mingi hakuwa na habari nyingine ya kuzungumza zaidi ya mashine. Alijaribu kukumbuka alikuwa mtu wa namna gani kabla ya kupewa ufunguo. Alikumbuka kwamba alipenda kupiga zeze. Hakukumbuka zeze lenyewe lilikwenda wapi.

Watu wa kambini walikuwa wanapokezana. Aliyekaa muda wa kutosha alirudi nyumbani na mwingine akashika nafasi yake. Zamu ya Melkizedeki ilipofika, akasema mwachieni huyu mwenye watoto wadogo. Ikafika tena, akasema mwachieni yule mwenye kikohozi. Watu wakamsifu kwa moyo wake wa kujitolea. Simeoni, aliyekuwa ameshateremka naye, hakumsifu. Alimwambia usoni, "Mzee, wewe unaogopa kurudi." Melkizedeki akamwambia afunge domo lake. Lakini ilikuwa kweli. Alikuwa anaogopa kufika pale penye mlango wa maji akute mambo yanakwenda, watu wamuamkie vizuri, wampishe apite, na asijue apite kwenda wapi.

Ndipo siku moja, jua likiwa utosini, akamwona Ernesta.

Alikuwa katikati ya wanawake wengine, mfuko wa unga kichwani, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Ernesta hakuwa mtu wa kuteremka Same. Magoti yake yalimsumbua, na tangu mbiru ianze hakuwa ameteremka hata mara moja. Melkizedeki alisimama ghafla. Moyo ulimpiga, na katika kupiga kule mlikuwa na kitu kinachofanana na matumaini, jambo ambalo baadaye lilimtia aibu.

"Nini kimevunjika?" akauliza, hata salamu hajaitoa.

Ernesta akatua mzigo taratibu, akanyoosha kiuno. "Hakuna."

"Jiwe limepasuka?"

"Jiwe zima."

"Mfereji?"

"Unapita. Wiki iliyopita Zipora ameubadilisha pale kwenye kona, unapita vizuri kuliko zamani."

"Hedwiga mgonjwa? Kuna msiba?"

"Hedwiga mzima, na mtoto mzima. Hakuna msiba."

Alimtazama mkewe bila kuelewa. Tangu waoane, kila alipotafutwa, alitafutwa kwa sababu kuna kitu kimekwama mahali. Hakujua kama kuna sababu nyingine ya mtu kutafutwa.

"Sasa umefuata nini mwendo wote huu, na magoti hayo?"

"Zamu yako ya kurudi imefika mara ya tatu. Simeoni ametuma neno. Nimekuja kukuita nyumbani."

"Nyumbani nikafanye nini?"

"Ukae," Ernesta akasema.

Melkizedeki akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akafunika uso kwa mikono yake yenye makovu ya tindo, akalia mbele za watu, mtu mzima yule, wala hakujali nani anamtazama. Wenzake wakageuza nyuso zao kwa heshima, wakajitia kushughulika na masufuria. Ernesta akakunja kanga yake, akakaa chini karibu naye, akangoja amalize.